Fundi Miwani na Vita vya Chaguo la Kwanza

Sogeeni, enyi watu wa mbali na wa karibu, wenye haraka na wasio na haraka. Aliye na sufuria motoni na aipunguzie moto, aliye na simu mkononi na aiweke kifudifudi, maana habari inayoanza hapa si ya wafalme waliogombea visiwa wala ya majemadari waliochoma miji. Hayo ni madogo, na wa kuyasimulia wapo. Hii ni habari ya mtu mpole mwenye kifua chembamba, aliyesimama mbele ya dada yake mkubwa, akaandika maneno matatu ndani ya kisanduku cha fomu, na asife.

Mtu huyo walimwita Fundi Miwani. Duka lake lilikuwa na upana wa milango miwili, katikati ya muuza magodoro na mchapa kadi za harusi, na humo, kwa miaka kumi na tisa, aliketi juu ya kigoda akikaza skrubu zisizoonekana kwa macho ya watu wa kawaida. Mnyoosha Fremu! Msugua Lenzi! Mrudishia Nuru Wazee Wasomao Magazeti! Katika miaka hiyo yote hakuwahi kugombana na mtu. Muuza magodoro alipoupanga mzigo wake mlangoni pa duka hilo, shujaa wetu hakusema neno. Alijifunza kupita kiubavuubavu, na siku za mzigo mkubwa alipita dirishani.

Alijaliwa binti mmoja, mwenye miaka kumi na mitatu, ambaye jina lake la cheti lilisahaulika siku alipoonekana akiruka kamba ya nguo ya jirani, pamoja na mashuka yaliyoanikwa juu yake, asiangushe hata kibanio kimoja. Tangu hapo akawa Panzi. Mwepesi wa nyayo, mrefu wa miundi! Ukimtuma chumvi, alirudi kabla hujamaliza kumwambia ni ya kiasi gani. Kwenye tenisi ya mezani alimfunga mwalimu wa hesabu mara saba mfululizo, mpaka mwalimu akaipima meza kwa rula akidai imepinda.

Lakini raga, jamani, raga! Raga na Panzi walikuwa kama paka na beseni la maji. Wala hakuwa mwoga. Kilichomponza ni adabu. Adui akimjia mbio, macho mekundu, kuupora mpira, Panzi alimkabidhi kwa mikono miwili na kumwambia, "Karibu." Na akiangushwa chini, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba radhi.

Jambo hilo lisingekuwa na uzito wowote duniani, kama si Shangazi Kifaru. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Fundi Miwani, msimamizi wa ghala la mizigo, mwanamke mwenye mabega ya kabati na sauti ya king'ora cha moto. Enzi za shule alicheza raga mstari wa mbele, na mpaka leo wanawake waliowahi kupambana naye, wakikutana naye sokoni, hujibana ukutani apite. Jina la Kifaru waliliita mbele yake na nyuma yake, kwa kuwa mwenyewe alilipenda. Naye alikwisha kuamua, tangu Panzi yuko kwenye nepi, kwamba mtoto huyu ataingia bweni lile lile aliloingia yeye.

Ikafika wiki ya fomu. Amri ilitoka kwamba kila mzazi ataje shule moja ya bweni kuwa chaguo la kwanza, aandike kwa wino, na kuiwasilisha fomu kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Mama Panzi, muuguzi wa zahanati, aliisoma amri hiyo huku akivaa viatu vya zamu, akamgeukia mumewe.

"Baba Panzi, safari hii ni yako. Mimi nikimjibu wifi, kesho ukoo mzima utasema nimetenganisha ndugu. Yule ni dada yako wa tumbo moja. Mkabili."

"Nitamkabili," ikasema sauti, na Fundi Miwani akageuka nyuma kuona ni nani aliyesema.

Jumatatu wakaenda shule ya shangazi, yeye akiwa ametangulia kama bendera. Watu waliiita Shule ya Mabega. Kuta za ofisi zilijaa picha za timu, miaka arobaini ya wasichana waliokunja mikono, na mwalimu mkuu alikuwa mtu ambaye kichwa chake kilikaa juu ya mabega moja kwa moja, pasipo kupitia shingo.

"Hapa raga si mchezo," akanena mkuu huyo. "Mtoto akiwa mzima, anacheza raga. Akiumwa, anapumzika huku akitazama raga. Akipona, anacheza raga ya shukrani."

"Na asiyeiweza?" akauliza Fundi Miwani.

"Asiyeweza nini?" akajibu mkuu, na usoni mwake ilionekana wazi kwamba swali lilimpita kabisa.

Panzi akapelekwa uwanjani kujaribiwa. Wakampa mpira, wakampanga mbele ya wasichana kumi na watano waliosimama kama ukuta wa boma, filimbi ikalia. Ole! Vumbi likapanda, ardhi ikatetema, na Panzi, kwa kuwa aliona wenye mpira wao wanautaka kwa hasira, alikimbia kuurudisha mahali pake. Akapita kushoto, akapita kulia, akauvuka mstari wa ushindi, ambapo mpira ukigusishwa chini ni alama, huku shangazi akipiga kelele, "Weka chini! Weka chini!", asiweke chini, akalizunguka jiko, akapotea nyuma ya mabweni. Walimkuta mlangoni pa stoo ya vifaa, akimwomba mtunza stoo asaini kwamba mpira umepokelewa ukiwa salama.

"Mbio anazo!" akasema shangazi, akitokwa na jasho la fahari. "Adabu itamtoka. Nipeni mwaka mmoja."

Fundi Miwani alimtazama mwanawe, aliyekuwa akimpangusia vumbi msichana mmoja aliyejikwaa alipomkimbiza. Je, mtoto atolewe adabu kama jino? Lakini alikuwa mbele ya dada yake, akasema tu, "Tutaona, dada."

Jumatano akatoroka. Ndiyo, shujaa alifunga duka, akamwambia muuza magodoro anakwenda kununua lenzi, na akaenda na binti yake upande wa pili wa mji, kwenye shule iliyosifika kwa kutokuwa na raga hata kidogo. Hiyo ilikuwa Shule ya Kimya. Kwenye ukumbi palibandikwa tangazo: USIKIMBIE. Uwanjani palikuwa na jingine: HATA HAPA. Mwalimu mkuu, mama mmoja aliyevaa soksi juu ya viatu ili visilie, aliwapokea kwa mnong'ono.

"Michezo ipo," akanong'ona. "Tuna drafti. Bao tulilifuta, kete zinagongana mno."

Panzi alikalia mikono yake miwili. Magoti yake yakaanza kutetema chini ya meza, meza ikaanza kutetema juu ya magoti, kalamu za mkuu zikaanza kutembea zenyewe kuelekea ukingoni. Wakaaga kabla haijaanguka hata moja. Nje ya lango Panzi aliruka mitaro mitatu kwa mfululizo, kama mtu aliyetolewa gerezani, na baba yake akamwacha aruke.

Basi Alhamisi ikamkuta Fundi Miwani kati ya jabali na shimo: huku mabega, huku kimya. Ndipo alipoikumbuka shule ya tatu, iliyo bondeni, ambayo hakuna aliyeisifu wala kuiponda, akampeleka Panzi huko. Rangi ilikuwa imebanduka ukutani, na kengele yake ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya. Mwalimu wa michezo alikuwa bibi mwembamba mwenye filimbi shingoni, aliyechechemea mguu wa kushoto.

"Shikamoo, mwalimu," wakasema baba na binti kwa pamoja.

"Marahaba." Bibi yule akampita Fundi Miwani kana kwamba ni kinara cha taa, akasimama mbele ya mtoto. "Haya niambie, mjukuu wangu. Wewe mwenyewe unapenda nini?"

Panzi akamtazama baba yake, jinsi mtu anavyomtazama mwenye nyumba kabla ya kufungua dirisha. Na hapo Fundi Miwani, mpima macho ya wengi, akaona jambo lililokuwa mbele ya pua yake muda wote: swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza mtoto huyu, hata yeye.

"Sema tu, mama," akasema.

"Kuruka," akasema Panzi.

"Kuruka nini?"

"Chochote. Lakini juu. Nikifika kule juu kunakuwa... kama hakuna mtu ananiita."

Bibi akavuta nguzo mbili zenye misumari, akalaza ufito katikati, akaburuta magodoro makuukuu yaliyoshonwa pamoja. Panzi akaruka. Bibi akapandisha ufito msumari mmoja. Panzi akaruka. Ufito ukapanda tena, na tena, hadi ukawa sawa na kidevu cha Fundi Miwani; na Panzi alipoupita huo, mgongo ukiwa umekunjika hewani kama fremu mpya, bibi alitoa filimbi mdomoni, akaupandisha msumari mwingine bila kusema kitu.

"Raga hamna?" akauliza Fundi Miwani, kwa kuhakikisha.

"Ipo, Jumamosi, kwa anayeipenda. Wako sita. Hawatoshi hata nusu ya timu, lakini ukiwaona wanavyofurahi!"

Ijumaa ikapambazuka, siku ya siku. Saa nne kamili Shangazi Kifaru alibisha hodi, na mlango ukafunguka kabla hajajibiwa. Mkononi alibeba jezi yake ya kale, ambayo ingetosha kulifunika kochi pamoja na waliokalia. Akaketi mezani. Fomu ilikuwa pale, nyeupe, kisanduku chake kikiwa wazi kama lango la ngome lisilo na mlinzi.

"Mdogo wangu," akaanza, "ukoo wetu umetoa nini? Umetoa mafundi, umetoa makarani, umetoa mjomba yule aliyeuza friji zisizo na mlango. Nguzo umetoa moja tu, na hiyo inakaribia kustaafu. Andika Mabega, tukanywe chai."

"Hapana, dada."

Neno hilo! Mara ya mwisho lilitamkwa mbele ya Shangazi Kifaru na mwamuzi mmoja wa raga, naye alihama mji. Saa ya ukutani ilisita. Mama Panzi, aliyekuwa jikoni akijifanya anaosha kikombe kile kile kwa dakika kumi, alifunga bomba.

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana." Ulimi wa shujaa ulikwisha kuvuka mto. "Panzi hatakwenda Mabega. Nakuheshimu, dada. Ulinibeba mgongoni mwaka ule wa mafuriko, sijasahau. Lakini huyu mtoto mkimtoa adabu yake hatabaki yeye."

Kila mtu alingoja radi, na radi haikupiga. Shangazi aliilaza jezi mapajani, akaanza kuinyoosha kola, taratibu, kwa vidole vinene.

"Unajua kwa nini naipenda shule ile?" Sauti yake ilikuwa ndogo hata ikawatisha. "Nilikuwa na umri huu wa Panzi. Kila kiti nilichokalia, watu walikishika kwanza kisije kikavunjika. Mshona sare alinipima kwa tepu mbili, akaita wenzake waje waone. Halafu siku ya kwanza uwanjani, kocha kaniangalia toka juu mpaka chini, kasema, 'Hatimaye.' Hatimaye, mdogo wangu! Mtu mzima ananiona mimi, anafurahi."

Fundi Miwani alivua miwani yake. Miaka arobaini na tano alikuwa mdogo wa mwanamke huyu, na hilo hakulijua.

"Jana," akasema, "nimemwona bibi mmoja akimtazama Panzi hivyo hivyo."

"Alisema hatimaye?"

"Hakusema. Alipandisha ufito."

Shangazi Kifaru akaikunja jezi. Akapenga kamasi kwa sauti iliyomshtua mbwa wa jirani. Kisha akauliza, "Chakula chao kikoje?"

"Kingi. Nilichungulia jikoni."

"Basi andika. Unaniangalia nini kama nimekufa?"

Na akaandika. Aliishika kalamu kama mashujaa wenzake wanavyoushika upanga, akaegemea meza, ulimi ukiwa pembeni mwa mdomo, na herufi moja baada ya nyingine zikaingia kisandukuni kwa mpangilio wa jeshi lirudilo nyumbani: *Shule ya Bondeni*. Herufi ya mwisho ilitoka kidogo nje ya mstari, kwa sababu shangazi alikuwa amemkumbatia kabla hajamaliza.

Wakamwita Panzi, wakaenda ofisi ya kupokelea fomu wote wanne. Karani wa dirisha namba mbili aliipokea fomu bila kuinua macho, akaigonga muhuri, akaitupa kwenye rundo. Fundi Miwani alibaki amesimama, akingoja kitu, labda tarumbeta.

"Bado upo?" akauliza karani.

"Nipo," akajibu Fundi Miwani, kwa sauti iliyofika mpaka dirisha namba tano. "Nipo sana."

Basi na iandikwe katika vitabu vya mataifa, na watoto wafundishwe kabla ya jedwali la kuzidisha, kwamba siku hiyo, saa tano na dakika arobaini, kisanduku cha chaguo la kwanza kilitekwa na mtu mmoja, asimwage damu ya yeyote, isipokuwa wino kidogo kwenye mkono wa shati. Na kwamba alipotoka nje juani, dada yake mkubwa alimshikia mlango.