Vyuma vya Ghorofa ya Juu

Mamlaka ya Mitetemeko ilitangaza kwa fahari kubwa kwamba kuanzia siku hiyo hakuna jengo litakaloruhusiwa kutikisika bila taarifa. Kazi hiyo ilikabidhiwa mashine, na mashine ikakabidhiwa Daktari Zege. Hilo ndilo jina wenzake walilompa mhandisi kijana aliyetoka chuo juzijuzi, ambaye bado aliamini kwamba ukweli ukichorewa grafu nzuri, mkubwa atausoma.

Aliilisha mashine habari za majengo mengi ya zege: nguzo zake, vyuma vya mshazari vinavyozikaza, na jinsi kila jengo lilivyofanya ardhi ilipotetemeka. Mashine ikajifunza. Siku ya majaribio kijana alivaa tai mpya, akaiuliza kuhusu makao makuu ya Mamlaka yenyewe.

Mashine ikajibu: ghorofa ya juu itaporomoka.

Haikukosea. Mkurugenzi aliwahi kuagiza vyuma vya ghorofa ile vikatwe, maana vilipita dirishani nyuma ya kiti chake, na kwenye picha za magazeti alionekana kama mahabusu.

"Mashine yako haina nidhamu," alisema Mkurugenzi. "Ipe vyuma vilivyo kwenye ramani."

"Lakini mheshimiwa, kwenye jengo havipo."

"Kwani sisi ni mafundi? Sisi ni ofisi. Ofisi inafuata ramani."

Kijana alijiambia atatii leo ili asikilizwe kesho. Huo aliuona ujanja wa hali ya juu. Akaingiza vyuma vya kwenye ramani, na mashine ikasema salama. Papo hapo Mkurugenzi akatoa waraka: matokeo hayo yasibadilishwe ila na bodi nzima, ikikaa katika ukumbi wa ghorofa ya juu.

Jikoni, ghorofa ile ile, shangazi aliyemlea kijana alikuwa akiandaa chai ya wakubwa.

"Kwa hiyo niko salama?"

"Kwenye ramani, shangazi."

"Haya. Ukipata nafasi, niombee nihamie huko."

Kijana alicheka, kisha usingizi ukamkimbia kwa wiki nzima.

Halafu ardhi ikatetemeka, kidogo tu, kiasi cha kugonganisha vikombe. Wa kwanza kufika uani alikuwa Mkurugenzi, na soksi bila viatu. Kijana hakumwona. Alikuwa ameng'ang'ania mlango, akiangalia kila anayetoka, mpaka shangazi alipotokea na birika mkononi.

"Badilisha matokeo!" Mkurugenzi alifoka. "Andika hatari!"

"Mpaka bodi ikae, mheshimiwa."

"Basi ikae hapa!"

"Waraka unasema ghorofa ya juu," kijana alisema kwa upole. Kwa kweli alikuwa anajaribu kusaidia.

Wajumbe wa bodi, nao wakiwa uani, walitazama juu. Hakuna aliyenyanyua mguu.

"Niwatangulie na chai?" aliuliza shangazi.

Ikabidi waitwe mafundi wa kuchomelea, warudishe vyuma vyote, ili bodi ipate mahali pa kukaa ijadili kama vinahitajika. Kikao kilikwenda vizuri. Kesho yake magazeti yalitoa picha mtandaoni: Mkurugenzi kitini, vyuma nyuma yake, na chini ya picha msomaji mmoja akauliza ameshtakiwa kwa kosa gani.