Jeli ya Mguu wa Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Nimekabidhiwa ufunguo wa friji ya jeli hapa hospitalini. Mimi, karani mgeni kuliko viti vya ofisi. Jeli yenyewe ni kipande laini, cheupe cha kupenyeza mwanga. Karibu yote ni maji, ila ndani yake mna kitu kinachoiita nyama mpya iote. Hubandikwa juu ya kidonda kilichogoma kupona; kabla ya hapo haitakiwi kupata joto. Kipande cha Alhamisi ni cha shangazi yangu, aliyenilea, mwenye kidonda cha muundi tangu mwaka jana. Daktari alisema wazi: anayekosa kubandikwa hata mara moja anatolewa kwenye majaribio ya jeli hii.

Karani mwenzangu, tunayemwita Bwana Kalamu kwa kuwa hujaza kalamu mfukoni na haandiki kwa hata moja, akaninong'oneza kwamba baridi ya friji ile ni ya kubabaisha. Nikazungusha kidude cha baridi hadi mwisho. Tahadhari kabla ya hatari.

Jumanne, 4 Machi

Jeli imekuwa kioo. Nimeigonga kwa ukucha, ikalia.

Nikaibana kwapani pamoja na pakiti yake, nikafanya kazi kwa mkono mmoja asubuhi nzima. Bwana Kalamu akauliza kama nina jipu. Nikasema ndiyo. Akataka kumwita muuguzi. Nikasema limeshapona.

Ilipoyeyuka: maji upande huu, makombo upande ule. Haishikani tena. Nikamwambia muuguzi mkuu kwamba umeme ulikatika, jeli ikaganda. Akaniuliza, polepole kama anayesema na mgonjwa, friji isiyo na umeme hugandisha vitu kwa nguvu gani. Nikajibu kwamba nitalifuatilia. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata mlangoni.

Jumatano, 5 Machi

Fundi wa maabara, niliyemuuliza kijuujuu tu, anasema kutengeneza jeli mpya ni kazi ya siku mbili. Kwa hiyo nikamwambia shangazi kwamba Daktari ameahirisha hadi Jumamosi. Shangazi akanikumbusha kwamba nilipokuwa darasa la pili nilimwambia shule imefungwa kwa msiba wa mwalimu, na marehemu akaja jioni ile ile kuulizia niliko. Shangazi akaapa kesho atakuja, hata kwa toroli. Siku ya kuugua sikumpangia, akasema, na ya kupona nisimpangie.

Sikula.

Alhamisi, 6 Machi

Alikuja kwa toroli.

Daktari akafungua pakiti, akatazama uji ule, kisha akanitazama mimi. Nikakaa juu ya ndoo. Akaeleza bila kupaza sauti: jeli ikiganda, barafu hupasua nyuzi zinazoyashika maji, wala hazirudi. Akaagiza kipande cha akiba. Kumbe maabara hutengeneza viwili viwili tangu makarani waanze kupewa funguo.

Bandeji ya zamani ilipotolewa, nilichungulia. Kidonda kimepungua. Kingo zimeota ngozi changa. Shangazi akafuta macho, akasema ni moshi. Chumba kile hakina moshi.

Daktari alitaka kunirudisha nyumbani. Shangazi akamsihi aniache hapa hapa, kwa kuwa huko nyumbani amenichoka. Nimebaki kazini.

Ijumaa, 7 Machi

Kidude cha baridi kimefungwa kwa plasta nisikiguse. Sikukigusa. Mimi si mtu wa kurudia kosa.

Vipande vya shangazi vya wiki ijayo vimetoka mapema. Nimemwomba fundi vyote viwili, hata kile cha akiba, vikae kwenye friji yangu, nipate kujisafishia jina. Daktari hakuwepo, fundi akakubali. Bwana Kalamu akasema huo ndio uongozi.

Sasa najua adui ni baridi. Nimevifunga vipande vyote viwili ndani ya sweta yangu, nikaviweka humo humo kwenye friji, na katikati yake chupa ya maji ya moto.

Leo nitalala usingizi.