Paka, Goti na Neno Samahani

Akina mama wenzangu, kama una mtoto anayepeleka chakula kwa pikipiki hapa Dubai, soma hii mpaka mwisho.

Jumapili madam alinipa off, nikatoka Mirdif ninakofanya kazi mpaka DIP, mtaa wa maghala, kumwona mwanangu Clifford. Nikamkuta kwenye benchi nje ya kafeteria, magongo pembeni, yuko na watu wake wa chai ya karak. Kuna Cyrus, askari wa ghala, wanamwita Geti. Kuna Peninah, wanamwita Spika, kwa sababu hajui kusoma simu kimya. Na Mzee Msellem wa Unguja, aliyemwendesha wakili kwa gari miaka ishirini mpaka jina la Wakili likamwangukia yeye.

Spika alikuwa anasoma habari. "Woi! Rider mwingine amefukuzwa na korti! Alitaka uamuzi wa msuluhishi uondolewe. Jaji amemwambia hakuja kusikiliza ajali upya."

Kesi ya Clifford, ya kuomba hilo hilo, ni Alhamisi. Alianguka na pikipiki mtaa wa Discovery Gardens akikwepa paka, goti likavunjika. Bima ya kazini ikalipa operesheni ya kwanza, ya pili ikagoma. Yeye na bima wakakubaliana kuchagua msuluhishi, yaani mtu wa kukata shauri nje ya korti, naye akasema Clifford hapati. Na daktari amesema bila operesheni hiyo, goti halitakunjika tena.

"Alhamisi tunakuja wote," Geti akasema. "Mimi ni shahidi wa paka."

"Ulimwona?"

"Sikumwona, lakini paka wa pale nawajua. Wanavuka barabara kama wao ndio walijenga!"

"Mahakama haimtaki paka wako!" Mzee Msellem akapiga benchi. "Jaji hatizami nani kaangukaje. Anatizama kama msuluhishi kafanya alichotumwa, na kama kawasikiliza wote wawili. Kama kafanya, hata akiamua kipumbavu, khalas, imekwisha."

Clifford akainama. "Basi nimeisha. Karatasi yangu ya korti niliandikiwa na jamaa wa ofisi ya kuchapa fomu. Kurasa tatu, zote ni za paka."

Geti akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Mimi sikucheka.

"Lakini hii bima si ni ile haiulizi nani mkosaji?" Spika akauliza. "Ukiumia kazini unatibiwa tu, hata kama mjinga ni wewe?"

"Haiulizi mkosaji?" Geti akashika kichwa. "Hiyo ningeioa! Mke wangu Mercyline huniuliza mpaka usingizini."

Nikamwambia Clifford atoe ule uamuzi. Akautoa mfukoni, umekunjwa kama karatasi ya chapati. Spika akasoma ukurasa wa mwisho: "Kwa kuwa mwendeshaji mwenyewe alikiri mara tano kwamba kosa ni lake, bima haitalipa operesheni ya pili."

Mzee Msellem akasimama. "Hebu rejea!"

Spika akarudia, kwa sauti mpaka wenye kafeteria wakachungulia.

"Huyu msuluhishi kaulizwa goti lataka operesheni au halitaki, yeye kajibu nani mkosaji! Mkataba wa bima wenyewe hauulizi mkosaji, yeye katumwa na nani? Katoka nje ya kazi yake! Hapo ndipo jaji anapotia mkono. Yalla, ofisi ya kuchapa, waandike hilo kabla hawajafunga!"

"Na paka?" Geti akauliza.

"Paka akapumzike!"

Nikamgeukia mwanangu. "Clifford, mara tano? Ulikuwa unakiri nini?"

"Mama, kila watu wa bima wakiniuliza goti liko aje, nilianza na samahani, kosa langu. Si ni wewe ulitufunza?"

Wote wakaniangalia mimi. Ni kweli nilimfunza, tangu alipovunja kikombe changu akiwa darasa la kwanza. Basi ndugu zangu, wafunzeni watoto samahani. Lakini mbele ya watu wa bima waeleze goti linavyouma, kisha wanyamaze. Hilo la kosa waliache nyumbani na vikombe.

Tukainuka. Clifford akavuta gongo lake, akalisimika sawasawa juu ya kidole cha mguu cha Mzee Msellem.

"Ya Allah!"

"Samahani mzee, kosa la..."

"Nyamaza!" tukapiga kelele wote, na mimi ndiye niliyewashinda kwa sauti.

Mzee akaruka kwa mguu mmoja, machozi machoni. "Nani mkosaji haiulizwi, mwanangu," akasema. "Haiulizwi! Twende."