Lalamiko kuhusu Usukani Unaotii

Kwa Fundi Mkuu wa gereji iliyo nyuma ya posta, ambaye pia ni mpwa wangu,

Kosa wanalofanya wengi wakiandikia gereji ni kulalamika kwamba gari halikutengenezwa. Hupandisha sauti, humtaja wakili, na mwisho hawasikilizwi. Mimi nakuandikia kwa utulivu, nikiwa nimeshakunywa chai, kulalamika kwamba gari langu limetengenezwa.

Nieleze kidogo, maana mafundi hupokea gari bila kupokea historia yake. Hili nililinunua mwaka nilioanza kufundisha hisabati. Kwa miaka thelathini na minane usukani wake ulicheza robo nzima ya mzunguko kabla magurudumu hayajapata habari. Niliizoea robo hiyo. Nikitaka kuingia kushoto pale posta, nilianza kukata kwenye kibao cha duka la dawa, na tulipofika posta gari nalo lilikuwa limeshakubali. Wewe nilikuomba upake grisi tu. Ukang'oa boksi la usukani, ukafunga jipya, ukabadilisha viungo vya magurudumu ya mbele, na juu ya hayo ukaongeza kimota cha umeme cha kusaidia mikono. Hukuniuliza. Matokeo nayapanga kwa namba, usije ukapotea njiani.

1. Siku ya kwanza nilikata kwenye kibao cha duka la dawa, kama kawaida. Gari likakata kwenye kibao cha duka la dawa. Mwenye duka alitoka, akaitazama bampa iliyokuwa karibu na kizingiti chake, akaniuliza kwa upole ninaumwa nini. Ilinibidi kununua dawa ya kikohozi ili ionekane nilikusudia.

2. Heshima imeshuka mtaani. Zamani muuza mayai akiniona natokea kwenye kona, alishuka kwenye baiskeli, akaipandisha ukingoni na kusimama wima mpaka nipite. Sasa ananipita akipiga mluzi.

3. Hili ni zito, lisome ukiwa umeketi. Mkaza mjomba wako, yaani mke wangu, tangu tuoane kazi yake garini ilikuwa kutazama mbele na kuniongoza. "Anza kukata, Mwalimu. Kata. Haya rudisha, rudisha, unatupeleka ukutani." Tulifika kila mahali tukiwa tumezungumza njia nzima. Kwa usukani wako hana la kuniambia. Wiki ya kwanza alitazama maduka dirishani. Ya pili alikuja na gazeti. Ya tatu akasema, "Hebu sogea nami nijaribu. Kumbe ni kazi ya kidole kimoja." Akatupeleka sokoni na kuturudisha bila kugusa ukingo hata mara moja.

4. Tangu siku hiyo funguo zinakaa kwenye mkoba wake, nami nakaa kiti cha abiria. Nimegundua kina springi inayochoma kiunoni. Miaka thelathini na minane hakuwahi kuitaja. Nikimwambia "Kata", hunijibu, "Nimeona, mzee."

5. Sasa anafika mapema. Anayefika mapema hukutana na watu, na anayekutana na watu huchaguliwa: tayari ni mwenyekiti wa kamati ya maji. Kwa mwendo huu, mwezi ujao atakuwa akienda kwa dada yake mji wa pili bila kuniaga, nami nitabaki nyumbani na dawa ya kikohozi nisichokuwa nacho.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, boksi la zamani lirudishwe, kimota kitolewe, na viungo vilegezwe mpaka ipatikane robo ileile. Nitakuja na pimapembe, tupime pamoja. Sina hasira. Nataka tu aniongoze tena.

Nisalimie mafundi wako wote, hasa yule wa rangi, ambaye hakuongeza kitu nisichomwagiza. Mama yako, dada yangu, nimempelekea nakala, asije akasema sikukuonya.

Mimi mjomba wako, bado mvumilivu,
Mwalimu

Tanbihi: Haya nayaandika juu ya mkoba wa mke wangu, nje ya gereji yako, kwa kuwa umekwenda kula. Yeye ndiye aliyeendesha. Tulipofika karibu na duka la dawa, muuza mayai aliteleza na baiskeli yake, akaanguka katikati ya barabara mbele yetu. Mke wangu alizungusha usukani kwa mkono mmoja, tukampita kwa upana wa kiganja. Mimi nilisema "Kata" gari likiwa limeshakata. Nimepiga hesabu kwa usukani wetu wa zamani mara tatu, na mara zote tatu yule bwana yuko chini ya magurudumu, ndani ya robo yangu.

Tuliposimama, mke wangu aliushika usukani kwa mikono yote miwili. Akaniambia, "Mwalimu, endelea kuniongoza. Hata kama nimeona."

Boksi la zamani najua bado liko chini ya meza yako. Lipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu leo.