Kuhusu Kutofunguka kwa Tamthilia Woolwich, na Kutorudi kwa Hakim

Mwadini Matar,
Ghorofa ya Tatu, nyuma ya soko,
Woolwich, London.

Alhamisi, mwezi wa Mei.

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,
Ukumbini Plus.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: PROGRAMU YENU KUGOMA KUFUNGUKA, NA MADHARA YAKE KWA UKOO WANGU

Natumai barua hii itakukuta mzima, umekaa mahali penye mtandao wa kutosha. Mimi si mzima sana, na sababu ni wewe, ingawa nalisema hilo kwa heshima zote.

Naitwa Mwadini Matar, mzaliwa wa Wete, Pemba, na sasa mkaazi wa Woolwich. Nimestaafu. Niliendesha mabasi ya jiji hili kwa miaka ishirini na nane, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia abiria hata mmoja kwamba muda wake umekwisha. Utaona hapa chini kwa nini nalitaja jambo hilo.

Mwezi wa Machi nilinunua televisheni ya kisasa, inchi hamsini na tano, kwa sababu moja tu. Programu yenu inaonyesha tamthilia ya Kitasa cha Juu, ambayo nyumbani hurushwa kila Jumamosi saa mbili za usiku. Dada yangu Afra, aliyenitangulia kwa miaka sita na kunilea baada ya mama kufariki, anaitazama huko Wete. Tukakubaliana kwa simu tuitazame pamoja, yeye kwake na mimi kwangu, kila mmoja na chai yake, kisha tuijadili. Dada ana miaka sabini na tisa. Mimi sijajaaliwa kwenda kumwona tangu nilipoondoka mwaka 1972. Kwanza ilikuwa siasa, halafu kazi, halafu goti. Ingekuwa mara ya kwanza katika miaka hamsini na kitu mimi na yeye kukaa tukatazama kitu kimoja.

Mjukuu wangu Nusra, ambaye Kiswahili anakielewa chote na kukijibu chote kwa Kiingereza, alinifungia televisheni siku ya Ijumaa na kuipakua programu yenu. Ikafunguka vizuri. Niliona hata tangazo la tamthilia: mlango, kitasa, na mwanamke anayelia. Jumamosi asubuhi nikaiweka sawa televisheni kama ninavyokiweka sawa kila kitu kinachoingia nyumbani kwangu. Niliitandikia juu kitambaa cha kufuma. Rimoti niliifunga nailoni isiingie vumbi. Saa yake niliitia adabu, maana ilikuwa inaandika saa saba wakati jua ndiyo kwanza linapanda. Nimeishi London miaka arobaini, nimeyavumilia mengi, lakini sitaambiwa ndani ya nyumba yangu kwamba asubuhi huanza saa saba. Nikaiwekea saa moja, kama watu. Jioni nilipokaa tayari na chai yangu, programu yenu ikagoma, na mpaka leo imegoma. Ni wiki ya saba sasa.

Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili usipate taabu.

1. Kuhusu maneno mnayowaambia wazee. Nikiifungua programu, kinatokea kiduara, kinazunguka, halafu yanakuja maandishi meupe: Muda wako umekwisha. Tafadhali ingia upya. Ndugu Mkurugenzi, nina miaka sabini na tatu na shinikizo la damu. Mara ya kwanza nilitoa shahada. Mara ya pili nilimwita Nusra nikamwonyesha zilipo hati za nyumba. Nusra akaniambia, "Babu, just restart it," akarudi kwenye simu yake. Hakufafanua kama aliyetakiwa kuanza upya ni televisheni au ni mimi.

2. Kuhusu tiba yenu. Ukurasa wenu wa msaada unasema nizime, nihesabu hadi thelathini, niwashe. Nimefanya hivyo mara sitini na moja. Siku moja nilifika thelathini nikaendelea mpaka mia nne, nikitumaini televisheni itaona haya. Haikuona.

3. Kuhusu kijana wenu Pritesh. Nimezungumza naye kwa simu mara tatu. Ana adabu, na mama yake alikuwa na kikohozi ambacho natumai kimepoa. Alinihoji kama daktari: ruta ina taa ya rangi gani, programu ni toleo la ngapi, wai-fai ina nguvu kiasi gani. Yote nilimjibu. Aliniuliza pia kama saa ya televisheni iko sawa, nikamwambia iko sawa kuliko saa zote za Uingereza. Mwisho akanishauri niirudishe televisheni katika hali ya kiwandani. Alisema itasahau kila kitu ilichojua, kisha itaanza maisha mapya. Nilikataa palepale. Watu waliotoka kwao wakasahau kila kitu na kuanza maisha mapya tunao wa kutosha, sihitaji na televisheni ifanye hivyo.

4. Hili ndilo kubwa, na naomba ulivalie miwani. Kwa kuwa mimi sioni, dada yangu ananisimulia. Kila Jumamosi, ikifika saa moja jioni hapa kwetu, ananipigia simu na kunieleza kipindi kilivyokwenda. Anasimulia vizuri mno, hilo sikatai, lakini matokeo yake nimejikuta na mtu rohoni.

Mtu mwenyewe anaitwa Hakim. Katika kipindi cha pili, Hakim alimkuta dada yake anapepeta mchele. Akaichukua redio ya baba yao, akasema anaipeleka kwa fundi na atarudi kabla ya chakula cha mchana. Hakurudi. Dada akampakulia, akaifunika sahani kwa kawa, akangoja. Kipindi cha tatu ni skukuu, na sahani ya Hakim imefunikwa mezani. Kipindi cha nne ni skukuu nyingine, sahani ileile. Baadaye barua zinakuja kutoka nchi za watu, zimejaa habari za baridi na kazi, wala hakuna hata moja inayouliza, wewe dada hujambo, unakula nini. Kipindi cha sita huyu mama amezeeka, na bado anapakua. Jioni chakula humpa jirani.

Nimekasirika, Ndugu Mkurugenzi. Ni fundi gani huyo anayetengeneza redio miaka hamsini? Kila ukoo una mtu wa namna hii, isipokuwa wetu, tunamshukuru Mungu. Kila dada akimaliza kunisimulia, mimi namwambia huyo Hakim hana haya hata chembe. Naye hunijibu, "Ndo hivo, mdogo wangu," na kuniuliza kama nimekula.

Nataka kumwona Hakim kwa macho yangu. Nataka niione sura ya mtu anayeweza kufanya jambo kama lile. Hiyo ni haki yangu kama mteja.

5. Lalamiko la tano nimelifuta. Nililiandika baada ya kuhesabu mara ya sitini na moja na halikuwa na heshima.

6. Kuhusu utulivu wa jamii. Habari za Hakim zimeenea Woolwich nzima, nami nakiri nimezieneza mwenyewe. Tukitoka msikitini Ijumaa watu huniuliza, amerudi? Nawajibu, bado. Mama wa Kikongo anayeuza ndizi sokoni ameapa kwamba Hakim akipita pale atamtwanga na mkungu mzima. Bwana mmoja wa Ilford alidai yeye anaitazama tamthilia hiyo kila wiki na hajamwona Hakim yeyote. Nilimwambia aitazame vizuri. Tulirushiana maneno, na tangu hapo hatusalimiani. Hayo yote yapo juu yenu.

Baada ya kuyaeleza hayo, naomba mambo matatu tu, wala sidhani kama ni makubwa.

La kwanza, tamthilia isimamishwe dunia nzima, Wete ikiwemo, mpaka televisheni yangu itakapofunguka. Si haki watu wengine waendelee mbele wakati mimi nimekwama tangazoni.

Ikiwa hilo ni zito, basi waigizaji waje Woolwich waicheze sebuleni kwangu. Nimepima. Tukiiegemeza meza ukutani wanaenea kumi na mmoja, na viti ninavyo sita. Mlango wangu una kitasa cha juu ambacho kinafanya kazi. Aliyeigiza Hakim atakaa chini. Chai ipo kwa wote, hata yeye.

La tatu, na hili nakusihi bila mzaha. Waandikieni watunzi wenu wamrudishe Hakim nyumbani kabla tamthilia haijesha, na redio mkononi, imetengenezwa. Wasilipeleke jambo hili msimu wa tatu au wa nne. Dada yangu ana miaka sabini na tisa na anangoja kujua mwisho wake. Nimemsikia katika simu. Anasimulia kama mtu anayetaka sana kujua, na mimi siko tayari kumwona anaondoka duniani akiwa na habari nusu kwa sababu ya uzembe wa watunzi.

Nisalimie wafanyakazi wako wote, wa ofisini na wa kwenye simu. Pritesh msalimie peke yake, na mama yake pia. Nusra anawasalimu kwa Kiingereza. Goti nalo lingewasalimu lakini leo halisimami.

Mimi niliyekaa mbele ya kioo cheusi kwa wiki saba na bado nawaombeeni heri,

Mwadini Matar.

Tanbihi, Jumatatu jioni.

Barua hii ilikuwa imeshafungwa, inangoja stempu tu, nami nimelazimika kuifungua.

Jana asubuhi alikuja Jaspal, niliyeendesha naye mabasi, mzaliwa wa Kisumu anayekaa Southall. Alipanda treni mpaka hapa na bisibisi mfukoni. Hakuitoa. Aliitazama televisheni, akanitazama mimi, akauliza, "Mzee, hii saa nani aliguza?" Nikamweleza sababu zangu. Akacheka mpaka kilemba kikasogea. Anasema mashine zenu zikiona televisheni inayoishi saa sita nyuma ya dunia haziiamini, zinaifungia mlango. Akairudisha kwenye saa ya Kizungu, na programu ikafunguka kabla sijamaliza kuichuja chai. Kwa hiyo namba moja, mbili na tatu ni makosa yangu, na Pritesh alinambia kweli tangu mwanzo.

Jaspal alipoondoka nikaitazama tamthilia, vipindi vyote saba, bila kuinuka ila kwa sala.

Hakuna Hakim. Wapo ndugu watatu wanaogombea kiwanja na mifuko ya saruji, na mwanamke anayelia ni wakili wao. Hakuna redio. Hakuna anayepepeta mchele. Hakuna sahani. Bwana wa Ilford nimempigia simu kumwomba radhi. Halafu nikaizima televisheni nikakaa, na safari hii sikuhesabu.

Redio ya baba ilikuwa ya bendi tatu, na kishikio chake kilifungwa kwa waya. Afra alikuwa ukumbini anapepeta mchele. Nilimwambia naipeleka mjini Chake kwa fundi, narudi kabla ya chakula. Nilifika nayo Mombasa, na sikumwambia kwa kuwa ningemwambia nisingeweza kutoka. Barua zangu zote nilizomwandikia zilieleza baridi. Kwa wiki saba amenisimulia haya, na kwa wiki saba nimemjibu kwamba mtu huyo hana haya. Nimelia, Ndugu Mkurugenzi, na sioni sababu ya kukuficha.

Hivyo nayafuta malalamiko yote hapo juu pamoja na maombi yake, na badala yake naomba jambo moja. Nifungieni programu. Saa ya televisheni nimeshairudisha isome Kiswahili, lakini Nusra ana mikono myepesi na sitaki kubahatisha. Jumamosi dada atapiga simu, na sitaki ajue kwamba nimeiona tamthilia. Watunzi wenu waendelee na saruji yao.

Sokoni nimepata redio ya bendi tatu, kuukuu, inasema vizuri. Tikiti nimeshakata, na goti nitakwenda nalo hivyo hivyo. Jumamosi nitamwachia anisimulie mpaka amalize, kisha nitamwambia fundi amemaliza kazi, na sahani ya safari hii asiifunike.