Cheo cha Mlezi

Jumatatu, 3 Februari

Nimechoka. Sijafanya kitu, lakini nimechoka. Mke wangu Lela alitoka saa kumi na moja alfajiri, binti yetu Hikma mgongoni, amwache kwa Nthambi anayetunza watoto, kisha atembee hadi kiwanda cha nguo kule Industrial Area. Mimi nilibaki nikifikiria maisha yetu. Lazima mtu mmoja nyumbani afikirie.

Kibandani kwa chai nikasikia habari. Kaunti ina mswada wa kuwapunguzia wafanyakazi gharama ya kutunziwa watoto. Mzazi atalipa nusu, nusu italipwa na kaunti. Alhamisi wananchi tutatoa maoni ukumbini. Sikujali sana, mpaka niliposikia kwamba kila kituo cha watoto lazima kiandikishe mlezi.

Mlezi! Cheo hicho nakijua. Jirani yangu Kisilu, mchonga vinyago, ni mlezi wa timu ya mpira ya hapa Mbotela. Hachezi. Hakimbii. Huja mechi ikiwa imeshaanza, hupewa kiti chenye mto, na soda yake humiminwa kwenye glasi. Nina miaka arobaini na miwili na sijawahi kuwa mlezi wa chochote. Yatosha sasa.

Jumanne, 4 Februari

Nimekwenda kwa Nthambi. Chumba kimoja, watoto kumi na wanne, na yeye peke yake, maana msaidizi wake Muthoki amekwenda Makueni kumuuguza mamake. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba niko tayari kuwa mlezi wa kituo chake. Alikuwa anabadilisha nepi. Akanitazama viatu, akanitazama mikono, akacheka mpaka mtoto naye akacheka. Akasema mimi mwenyewe bado nalelewa na mke wangu.

Nilirudi nyumbani nikamwandikia afisa wa afya wa wadi barua isiyo na jina. Watoto kumi na wanne, mtu mmoja, sheria iko wapi? Karatasi safi sikuwa nayo, nikaandika nyuma ya tangazo langu la zamani, lile la biashara ya kuku iliyokufa. Wacha Nthambi ajue kwamba Zubair si mtu wa kuchekwa.

Jumatano, 5 Februari

Barua imefanya kazi kuliko nilivyotaka. Afisa amefunga kituo mpaka apatikane mtu wa pili. Nilidhani angemkaripia tu!

Jioni Lela aliketi kitandani na kiatu kimoja mkononi.

"Baba Hikma," akasema, "nikikosa kazi siku mbili, supavaiza anampa mtu mwingine mashine yangu. Wamejaa pale getini wanangoja."

Akauliza ni nani mwenye roho ya kumchongea mama wa watu. Nikasema dunia imeharibika. Nilitaka kumwambia ukweli. Niliona aibu, nikaomba chai. Akaniomba kesho nikae na Hikma. Nikamweleza kwamba kesho nina shughuli ya taifa.

Alhamisi, 6 Februari

Nimevaa suti ya harusi yangu. Tumboni haifungi. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Nilisimama nikasema malezi si kazi ya wanawake peke yao, na kila kituo kipewe mlezi mwanamume, mtu wa heshima. Makofi! Mama mmoja akapiga vigelegele. Karani akaandika kila neno.

Kabla sijaketi nikamwona Lela mlangoni, amevaa sare ya kiwanda, Hikma mgongoni. Walimrudisha getini kwa sababu ya mtoto. Siku moja imekwenda, imebaki moja. Utamu wote wa makofi ukaniishia.

Hapo Nthambi akainuka.

"Mtu wa pili nimempata," akasema. "Ni huyu Baba Hikma. Afisa yuko hapa, aandike."

Fomu ikaletwa. Nikasaini kwa mbwembwe. Kisilu alipiga makofi kuliko wote. Wivu, nadhani. Nikauliza sherehe ya kunisimika ni lini. Nthambi akasema kesho, saa kumi na mbili kamili asubuhi. Mapema kidogo kwa sherehe, lakini wenyewe ndio wanaojua utaratibu.

Ijumaa, 7 Februari

Hakuna sherehe. Hakuna kiti. Kuna watoto kumi na wanne na sufuria ya uji. Nikamwambia Nthambi kuna makosa, mlezi ni mtu wa kukaa mbele. Akasema mlezi ni mtu wa kulea, akanipa beseni la nepi.

Ukutani amebandika ile barua aliyoachiwa na afisa, lakini kaigeuza: tangazo langu la kuku, jina langu na nambari ya simu juu kabisa. Alinipa tu yule mtoto anayelia kuliko wote.

Ningeondoka. Lakini nikiondoka kituo kinafungwa tena, na mashine ya Lela inapata mtu mwingine. Nikabaki. Swala ya Ijumaa nilikwenda nikarudi mbio, Nthambi akihesabu dakika. Suti imekula uji mwingi kuliko Hikma. Huyu mama amefanya kazi hii miaka tisa na bado anaimba! Mimi kufikia saa nane sikulijua jina langu.

Lela alinikuta nimesinzia nimeketi, watoto wawili kifuani. Akanipangusa uji shavuni kwa ncha ya leso.

"Mashine yangu ipo," akasema.

Nusura nilie. Ni uchovu, nadhani.

Jumatatu, 17 Februari

Muthoki amerudi, mamake amepata nafuu. Nimelea siku nane. Mgongo haunyooki. Mswada bado unasomwa huko kaunti, na wanausoma polepole kama watu wasio na watoto. Lela ameliona lile tangazo ukutani. Amepunguza tu sukari kwenye chai yangu.

Nimeapa, vyeo basi.

Jioni Nthambi akaniita. Akasema kwa upole kwamba kituo kinahitaji pia Balozi wa Usafi. Balozi! Kisilu na mpira wake hajawahi kufika huko. Balozi ana bendera, ana msafara. Nilisaini kabla hajamaliza kueleza. Nikauliza kama kuna gari. Akasema gari hakuna, ila kuna ndoo na ufagio, na kesho nije nimevaa gambuti.

Bila shaka ni za ziara za mashinani. Nimemwomba Lela anipigie suti pasi.