Siku ya Ruhusa Huanza Magharibi

Masaki, Kisarawe
Jumatatu, 1 Agosti 1938

Kwa Mheshimiwa Bwana Liwali,
Barazani, Kisarawe.

Mheshimiwa Bwana Liwali,

Shikamoo, na baada ya shikamoo pokea salamu za heshima kutoka kwa mtu mwenye njaa. Tangu asubuhi nimekula kipande kimoja cha muhogo wa kuchemsha, kwa hiyo mwandiko wangu ukionekana unatetemeka, tafadhali usidhani ni woga.

Jina langu ni Mwishehe bin Matano, bwana shamba wa huku Masaki. Kazi yangu ni kupita nyumba hadi nyumba kuhakikisha kwamba kila mwenye mji amelima shamba la muhogo wa akiba ya njaa, kama Serikali ilivyoamuru. Ni kazi ya jasho. Tena wenyeji wa huku ni wakarimu kiasi cha kumchosha mtu: nikifika tu uani, nasikia kuku anakimbizwa. Sijawahi kuomba kuku, Bwana Liwali. Kumkataa pia sijawahi, maana huo ni utovu wa adabu. Nimechunguza tu, kama mtaalamu, kwamba shamba likizidi magugu, na kuku naye huzidi kunona.

Mwezi wa Mei baiskeli ya Serikali ilivunjika chini yangu kwa mara ya pili. Boma wakanipeleka kwa Bwana Daktari, naye kwa kuwa hakuwa na mizani ya kunitosha, nikapelekwa dukani wanakonunua makopa ya muhogo mkavu, nikapandishwa juu ya mizani ya magunia mbele ya watu. Wengine walikuwa wanakisia kwa sauti. Nilitoka frasila saba, uzito wa karibu watu wawili wembamba. Bwana Daktari akasikiliza kifua changu, akabonyeza miguu yangu akaona kidole kinaacha shimo, akasema nisipopungua frasila moja kabla ya mwisho wa Septemba, moyo wangu utasimama njiani. Boma nao wakaongeza kwamba kazi na baiskeli atapewa mtu mwembamba.

Masharti niliyopewa ni haya: siku sita za juma nisiguse nazi, samli, wali wala nyama ya mafuta. Siku ya saba nile nitakacho, ili nafsi isije ikaasi. Siku hiyo mimi naiita siku ya ruhusa, na niliichagua Ijumaa kwa heshima ya dini. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, kwani Bwana Daktari alisema siku moja, akapanda gari lake akaenda zake, asiseme siku hiyo inaanza saa ngapi. Malalamiko yangu ni kama yafuatayo.

1. Dresa wetu wa zahanati, kijana Isihaka, ambaye amepewa kazi ya kunichunga, anadai kwamba siku ya ruhusa inaanza saa sita usiku, pale Boma wanapobadilisha tarehe, na inakwisha saa sita usiku unaofuata. Namwuliza ni nani anayekula saa sita usiku isipokuwa mgonjwa na panya. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa Waislamu. Tangu nimezaliwa najua kwamba siku inaanza jua likizama. Ramadhani huingia kwa mwezi wa jioni, na usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, hata mtoto wa chuoni anajua. Kwa hiyo Alhamisi jua likizama, mimi nimeshaingia Ijumaa na mikono nimeshanawa. Isihaka anauita huo wizi. Mtu aliyesomea kufunga vidonda leo anataka kuifunga na siku ya wazee wetu!

Wala asiseme napendelea tumbo langu. Ijumaa adhana ya magharibi ikilia, mkono nautoa sahanini hata kama tonge limeshafinyangwa. Nalirudisha, Bwana Liwali, na watu wananiona. Mtu anayeila siku kwa ncha zote mbili, usiku wa mbele kwa hesabu ya dini na usiku wa nyuma kwa hesabu ya Boma, huyo ni mlafi asiye na haya, na ningekuwa na uwezo ningemweka ndani.

2. Mke wangu, Mwanamkuu binti Zahoro. Ni mke mwema na sina neno naye, ila ana kamba. Ni kamba ya ukindu aliyoisokota mwenyewe. Kila Jumamosi alfajiri, kabla sijavaa, hunizungushia tumboni na kufunga fundo pale kamba inapokutana. Tangu Mei fundo limehama mara nne, na mara zote limehamia upande usiotakiwa. Yeye hagombi. Anafunga fundo, anaguna, anaitundika kamba msumarini. Kuguna huko kunaniuma kuliko matusi.

Anasema marehemu baba yangu naye alianza hivihivi, akaanguka njiani akiwa na miaka arobaini na tisa, na mimi natimiza arobaini na tisa Desemba ijayo. Namjibu kwamba baba alikuwa akila siku zote saba, mimi nakula moja tu, kwa hiyo hatufanani. Hapo hulia, nami hukosa raha, na nikikosa raha huona njaa. Tena yeye ana hesabu yake ya tatu: eti siku inaanza mtu anapoamka na inakwisha anapolala. Nyumba moja ina Ijumaa tatu, Bwana Liwali, na katika zote tatu yangu ndiyo inayopingwa.

Siku sita zilizobaki hazina ubishi. Napewa kisamvu kisichotiwa nazi. Naomba usome tena sentensi hiyo. Hata mahabusu wana mtu wa kuwatetea.

3. Jua lenyewe. Nyumba yangu iko bondeni, na upande wa magharibi kuna kilima chenye mikorosho mirefu, hivyo jua hujificha mapema, saa kumi na moja hivi. Alhamisi likishajificha, mimi huamini macho yangu na kwenda jikoni. Sasa Isihaka anazungusha maneno mitaani, anauliza mbona Ijumaa jioni huonekana nimesimama juu ya kilima kilekile na sahani mkononi. Jibu ni rahisi. Ijumaa jioni kazi hunipeleka kilimani. Kilimani jua huchelewa kuzama. Hilo ni la Mungu, mimi sikulipanga.

4. Watu wa Masaki wananicheka. Mvua zilipotukimbia mwaka jana walipungua wote, wakubwa kwa wadogo, bila cheti cha daktari, na sasa wananiuliza kwa nini mimi nahitaji cheti. Bibi mmoja, Sikuzani, alithubutu kuniambia kwamba dawa yangu ni kukagua mashamba bila kupita jikoni. Maneno kama haya yanaivunjia heshima Idara ya Kilimo, nayo yanapaswa kukomeshwa.

5. Kama utataka shahidi, ninaye. Rafiki yangu Mfaume, mpishi wa shughuli zote za huku, aliyepimwa siku moja nami na kupewa masharti yaleyale, kwani alinizidi nusu frasila. Kwa miezi mitatu sasa ameifuata hesabu yangu ya siku bila kukosa hata Alhamisi moja. Tunakula pamoja, sahani moja, yeye kwake akipika, mimi kwangu akija. Mtazame Mfaume! Anang'aa uso, anacheka kutwa, anapumua kwa sauti ambayo unaisikia kabla hujamwona. Isihaka anasema huko si kupumua kuzuri. Mimi nasema mtu mwenye pumzi nyingi kiasi hicho hawezi kuishiwa. Mfaume ndiye hoja yangu kubwa kuliko zote, na niko tayari kumleta barazani mkitafuta benchi la kumbeba.

Kwa sababu hizo naomba utoe amri kwamba siku, kuanzia Kisarawe yote hadi Kibaha, inaanza magharibi na kwisha magharibi, na anayesema vinginevyo aitwe shaurini. Naomba ngoma ipigwe kila Alhamisi jioni ili wanawake wajue kwamba wakati wa kukuna nazi umefika. Naomba Isihaka ahamishwe. Naomba harusi na akika zote zifanywe ndani ya saa hizo, maana kuna watu wanaooza mabinti zao Jumapili makusudi ili kunitesa. Mwinyijuma alifanya hivyo mwezi uliopita, na harufu ya ule wali ilinifuata hadi Jumanne. Kuhusu wanaofariki, najua siwezi kuwapangia. Lakini jamaa zao wanaweza kuombwa kwa upole wahesabu vizuri, ili hitima iangukie Ijumaa mchana, ambapo kila mtu ataifaidi bila dhambi. Mwisho naomba kamba ya Mwanamkuu ichukuliwe na kutunzwa barazani kama kielelezo, wala isirudishwe.

Nisalimie wazee wa baraza wote, makarani, na tarishi atakayeileta barua hii, ambaye namwonea wivu kwa wembamba wake. Wa nyumbani kwako pia wasalimie, na mpishi wako zaidi.

Ni mimi, mtiifu wako kwa Serikali na kwa jua,

Mwishehe bin Matano
Bwana Shamba, Masaki

Nyongeza. Alhamisi, 4 Agosti, mchana.

Tarishi hakupita, kwa hiyo barua bado ninayo, nami sina budi kuongeza maneno machache. Tafadhali futa lalamiko la tano. Mfaume amefariki jana alfajiri. Alianguka mlangoni kwake, birika la kutawadhia mkononi. Tulimzika jana hiyohiyo, ila tulichelewa, kwa kuwa bafta ya sanda ilipungua na ikabidi mtu akimbie dukani kuongeza nyingine. Jeneza tulilibeba kwa zamu. Zamu yangu sikuimaliza, pumzi ziliniishia na Isihaka akaja kunipokea. Nimelia sana, sifichi. Alikuwa rafiki yangu.

Hitima yake itasomwa kesho Ijumaa, baada ya sala ya isha, kwani ndugu zake wanatoka Pangani, hii ya Kibaha si ile ya Tanga, na hawawezi kufika kabla ya magharibi. Watachinja mbuzi wawili. Kwa hesabu niliyoieleza hapo juu, saa hiyo Ijumaa yangu itakuwa imekwisha. Nimelifikiri jambo hili kwa makini, nikaona kwamba Serikali nayo ina busara zake, na hesabu ya saa sita usiku si mbaya kama nilivyoiandika kwa hasira. Naomba basi Ijumaa hii, hii moja tu, iishe saa sita usiku, ili nimuage Mfaume kama alivyostahili. Usiku wa leo usiondolewe, maana nazi zimeshakunwa.

Mwanamkuu hajanikatalia. Tangu tulipotoka mazishini hata kuguna haguni. Asubuhi hii aliitungua ile kamba msumarini akaenda nayo dukani, akarudi na bafta nyeupe aliyoipimisha kwa kamba hiyo, akaikunja vizuri na kuiweka chini kabisa ya sanduku. Nadhani anataka kunishonea kanzu mpya ya kuvaa hitimani. Ila nimetazama ndani ya kikapu chake, na uzi hakununua.